Kijana akisaini kwa wawili, dhambi ni ya nani?

Baada ya Swala ya Alasiri, viwanja vya vumbi vya hapa Kihonda hujaa vijana. Kila timu ina winga wake, kijana mwembamba mwenye mbio, na ukimuuliza anataka kuwa nani, huenda akakutajia Shiza Kichuya, kijana wa Morogoro aliyetoka Mtibwa Sugar akaenda Simba, na Oktoba 1, 2016 akaifunga Yanga kwa kona iliyoingia moja kwa moja wavuni. Wachache watakumbuka kwamba winga huyo huyo baadaye alijikuta katika shauri la mkataba na klabu ya Pharco ya Misri, shauri lililofika FIFA.

Siku moja mzee mmoja aliuliza barazani, tulipokuwa tumetoka kuswali: "Kijana maskini akichukua fedha za klabu mbili, amekosa nini? Kwani hao matajiri watakufa njaa?" Watu walicheka. Lakini swali lile si la kuchekewa. Ndani yake mna fikra ambayo vijana wetu wengi wanaishi nayo, kwamba ahadi ya maskini kwa tajiri haina uzito.

Tukubali kwanza ukweli uliomo. Kazi ya winga ni fupi. Seremala wa miaka 45 ndiyo kwanza amekomaa, lakini winga wa miaka 33 kasi imeshaanza kumkimbia. Goti likiharibika leo, kesho hakuna atakayemjua. Hivyo anapowekewa fedha mezani, nyuma yake wapo mama, wadogo zake na nyumba isiyokwisha. Hatusemi jambo hili ni jepesi.

Pamoja na hayo, tukitazame kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Alikuwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu (28:26). Mkataba ukawekwa: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Musa akaukubali na Allah akawa shahidi juu yake. Umaskini wake haukumfungulia mlango wa kuchukua ujira huku na kuahidi kazi kule. Aidha, tuone kuwa sifa zilikuwa mbili. Nguvu peke yake haikutosha. Mbio za winga ni ile sifa ya kwanza tu.

Sasa tuje kwetu. Mrisho Ngassa alikuwa miongoni mwa mawinga hodari waliopata kutokea nchini, na mwaka 2009 alifika hadi London kufanya majaribio West Ham United. Mwaka 2013 kamati ya TFF ilimfungia mechi 6 na kumtaka arejeshe Simba shilingi milioni 45, baada ya kuonekana amesaini Simba na pia Yanga. Hatumtaji ili kumsimanga, kwani adhabu aliipata na mpira aliendelea nao. Tunamtaja ili tuulize jambo moja: katika sakata za namna hii, kalamu ya pili humpa kijana nani? Ni watu wazima, wenye familia na heshima zao, wanaojua fika kuwa kijana ana ahadi kwingine. Humfuata usiku, humhesabia fedha, kisha shauri likiharibika anafungiwa yeye, wao wanabaki viongozi. Mbele ya Allah dhambi ile haimwangukii mwenye kusaini peke yake.

Ipo pia dhulma ya upande wa pili. Uingereza, wanakotazama vijana wetu, mchezaji aliwahi kuwa karibu mali ya klabu. Stanley Matthews, winga aliyecheza ligi hadi umri wa miaka 50, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira chini ya kanuni ya ukomo wa mshahara. Ukomo huo ulipofutwa mwaka 1961 ulikuwa paundi 20 kwa wiki, hata kama viwanja vimefurika. Klabu iliweza pia kumzuia mchezaji hata mkataba wake ukiisha, mpaka George Eastham alipoishitaki Newcastle United na mwaka 1963 mahakama ikaona utaratibu huo unambana mtu isivyo haki. Sura ya 83 inaanza kwa kuwaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapotoa. Kiongozi anayedai mkataba uheshimiwe huku mishahara ya miezi mitatu hajalipa, ajitazame katika aya hizo.

Je, aliyedhulumiwa afanye nini? Simon Msuva, winga mwingine wetu, alipokosa haki zake Wydad Casablanca hakusaini kwa siri kwingine. Alipeleka madai FIFA, na mwaka 2022 akapewa haki yake. Alitoka kwa kupitia mlangoni.

Mtu atasema, Msuva alikuwa na uwezo wa kudai, kijana wa Kihonda hana. Ni kweli, na hapa ndipo jukumu linapotugeukia sisi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi, nayo inaagiza kwamba asiyeweza kujieleza asimamiwe na walii wake kwa uadilifu. Lakini sisi tunamwachia kijana wa miaka 18 aende peke yake kumwaga wino kwenye karatasi asiyoielewa, kisha tunamlaumu. Mzazi aende naye. Mwalimu wa madrasa aende naye. Nakala ya mkataba ibaki nyumbani. Akitaka kuondoka aseme wazi, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Yule mzee wa barazani tumjibu hivi: tajiri hatakufa njaa, lakini kijana amepoteza ile sifa ya pili, na hiyo ndiyo atakayobaki nayo miguu itakapochoka. Na sisi tuliomwacha peke yake na wale wenye fedha tutaulizwa pia. Allah atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi. Amin.