Anzeni na umbo la kimeng'enya

Wanangu mnaosoma biokemia, mmefundishwa kwamba mnyororo wa sukari hufungwa kwenye asparajini ikiwa inafuatwa na asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Mnaikariri, mnaijibu kwenye mtihani, mnasonga mbele. Nawasihi msiishie hapo. Ulizeni kanuni hiyo imetoka wapi, na jibu mtalikuta kwenye mwili wa kimeng'enya chenyewe kinachofunga sukari hiyo.

Mwaka 2011, watafiti wa Zürich, wakiwemo Kaspar Locher na Markus Aebi, walichapisha umbo la PglB, kimeng'enya cha bakteria Campylobacter lari, kikiwa kimeshika kipande cha protini. Kitazameni taratibu. Kipande kile kimekunjwa kikageuka kurudi kilikotoka, kama ukindu unavyogeuzwa kwenye ukingo wa mkeka. Prolini ni ngumu, haikunjiki hivyo, ndiyo maana inakataliwa. Serini au threonini hushikwa na triptofani mbili na aspatati moja. Threonini ina tawi dogo la ziada linaloegemea isoleusini ya kimeng'enya. Ndiyo sababu sehemu zenye threonini hupata sukari kwa urahisi kuliko zenye serini. Asparajini nayo hupenya tundu hadi upande wa pili, ambako sukari inasubiri ikiwa imebebwa na mafuta ya utando.

Haya yanatuhusu hapa kwetu. Trypanosoma brucei, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o, hujifunika joho la protini zenye sukari ili kukwepa kinga ya mwili. Kina vimeng'enya vya jamii hii zaidi ya kimoja. TbSTT3A hupendelea asparajini iliyozungukwa na asidi amino zenye chaji hasi, na hufunga mnyororo wenye manosi 5. TbSTT3B hushughulikia sehemu nyingine, kwa mnyororo wenye manosi 9. Kwa hiyo protini moja inaweza kubeba sukari za aina mbili, kila moja mahali pake. Kijana wa Afrika Mashariki anayetafuta kazi ya maisha yake angefanya vema kulitazama jambo hili.

Ila jihadharini na kompyuta. Programu itawaonyesha kila asparajini inayotimiza kanuni, lakini si zote zinazopata sukari. Protini ikishajikunja, sehemu nyingine hufichika kabla kimeng'enya hakijazifikia. Hata kwa binadamu, mwenye vimeng'enya viwili vya jamii hii, STT3A hukaa mlangoni protini inapoingia kwenye retikulamu ya endoplazimu, na STT3B hufuata kuokota sehemu zilizorukwa. Msiandike "hapa pana sukari" kabla hamjapima kwa spektrometa ya masi.

Faili la umbo la PglB ni 3RCE, lipo kwenye hifadhi ya Protein Data Bank, wala halilipiwi. Lipakueni, mlizungushe kwenye skrini, mtafute asparajini, kisha mweke prolini mbele yake mjionee inakwama wapi.