Je, Mwenye Imani Afunge Kinga Yake kwa Kufuli?



Siku ya Mungu moja, wakati wa maombi, kinga iliibiwa mbele ya hekalu letu. Mwenyewe ni ndugu yetu anayesafirisha mafuta ya mawese na mchele kati ya Kabambare na Kasongo. Aliiegemeza ukutani bila kufuli, akaingia kuimba pamoja nasi. Alipotoka, hakuiona. Kabla jua halijazama, maneno matatu yalikuwa yanazunguka katikati yetu. Wengine walisema: "Ni kosa lake, kwa nini hakuifunga?" Wengine walisema: "Mtu wa imani hafungi mali yake mbele ya nyumba ya Mungu, kwa maana Mungu ndiye mlinzi." Na wengine, hasa vijana, walisema: "Twende kwa nabii atutajie mwizi, tumshike leo leo."

Tumeona ni vema kuyapima maneno haya matatu, kwa sababu kila moja lina ukweli kidogo ndani yake, na kila moja laweza kutupeleka katika dhambi.

Kwanza tukumbuke kinga ni kitu gani kwetu. Mgeni atokaye mji mkubwa atasema ni chuma na mipira miwili tu. Lakini sisi tuliopita katika vita vya miaka 1996 na 1997, na tena vile vya 1998 mpaka 2003, tunajua kwamba malori yalipokosekana, ni kinga iliyoleta chumvi na sabuni hapa Maniema. Watu walisukuma kinga siku nyingi porini, wakiwa wamefunga bidoni na magunia juu yake. Hata leo, barabara ikioza kwa mvua, mgonjwa hubebwa juu ya kinga mpaka hospitali. Kwa hiyo anayeiba kinga ya mchukuzi haibi chuma. Anaiba karo ya watoto, dawa ya mama mkwe, na deni ambalo mwenyewe hajamaliza kulipa. Torati ilikataza kuchukua rehani jiwe la kusagia la maskini, kwa kuwa ni kuchukua uhai wake (Kumbukumbu la Torati 24:6). Kwa wengi wetu, kinga ndiyo jiwe la kusagia.

Sasa tulishike neno la imani. Je, kufuli ni alama ya kumkosea Mungu imani? Mtunga zaburi anatufundisha kwamba mlinzi wa mji akesha bure kama Bwana hauulindi (Zaburi 127:1). Lakini tusome vizuri. Hakusema mlinzi aende kulala. Alisema kazi ya mlinzi peke yake haitoshi. Tena tunajua jinsi Shetani alivyompandisha Bwana wetu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe, kwa maana malaika watamdaka. Bwana akakataa, akasema hilo ni kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Anayeacha kinga wazi sokoni na kusema Mungu ataona, huyo naye amesimama juu ya ukingo wa hekalu. Mungu ametupa mikono, macho na akili, nazo ni sehemu ya ulinzi wake. Jina lenyewe latufundisha: twapanda kinga, na kinga ni ulinzi.

Neno la pili ni zito zaidi. Je, asiyefunga ana kosa? Hapa tunapaswa kugawanya mambo mawili. Dhambi ya wizi ni ya mwizi, yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna siku ambayo mwizi atasimama mbele ya Mungu na kujitetea kwamba kufuli haikuwapo. Amri haikusema usiibe kilichofungwa. Kwa hiyo wale waliomcheka ndugu yetu siku ile walimwibia mara ya pili: wa kwanza alichukua kinga, na wao wakachukua faraja.

Lakini Torati inasema pia kwamba mtu akifunua shimo na asilifunike, na mnyama akatumbukia, mwenye shimo atalipa (Kutoka 21:33-34). Tena inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu (Walawi 19:14). Kijana mwenye njaa apitaye mbele ya kinga isiyo na mlinzi ni kama kipofu karibu na shimo. Siyo kwamba tumemsukuma. Lakini kila siku tunaomba tusitiwe majaribuni. Je, ni haki kuomba hivyo kwa ajili yetu na kumwekea mwenzetu jaribu njiani? Basi kufuli haimlindi mwenye mali peke yake. Inamlinda na yule ambaye angekuwa mwizi.

Mwaka 1965, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, vijana waliojiita Provo walipaka kinga rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, ili kila mtu apande, akifika aiache, na mwenzake aichukue. Nia yao ilikuwa nzuri, karibu kama kanisa la kwanza ambamo vitu vyote vilikuwa shirika. Lakini polisi walizichukua, kwa kuwa sheria haikuruhusu kuacha kinga bila kufungwa. Wengine watawacheka polisi wale. Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Vijana walitaka mji usio na kufuli. Sheria ilijua mji bado haujafika huko. Nasi tuutamani mji ule, lakini tusijifanye kana kwamba tumekwisha kufika.

Kama kufunga ni wajibu, basi tufunge vizuri, kwa maana kazi ya nusu ni kama kutokufanya. Tumewauliza mafundi wa kinga, nao wametueleza hivi.

Ile kamba ya nyaya nyembamba yenye namba hukatwa kwa koleo mara moja. Inafaa tu wakati unanunua chumvi na macho yako yako pale. Ile kufuli ya pete inayokuja na kinga nyingi za China na India, inayoshika gurudumu la nyuma, inamzuia mwizi kupanda, lakini haimzuii kubeba kinga begani na kwenda zake. Iliyo bora kwa mfuko wetu ni mnyororo wa chuma kigumu pamoja na kufuli nzito. Lakini viwe sawasawa: mwizi haangalii palipo nene, anatafuta palipo nyembamba, na mnyororo mnene wenye kufuli ya bati ni fedha iliyotupwa.

Pitisha mnyororo katika gurudumu na katika mwili wa kinga, yaani vile vyuma vikubwa vya katikati. Ukifunga gurudumu peke yake, utarudi ukute gurudumu peke yake. Ufunge kwenye kitu kisichong'oka: nguzo ya chuma, au mti hai ulio mnene. Usifunge kwenye mgomba wala mpapai, kwa kuwa panga moja latosha. Kufuli isilale chini, kwa maana mwizi mwenye nyundo hulifanya jiwe la chini kuwa fuawe. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua na vumbi visiingie. Mnyororo usilegee sana, maana nafasi ya mkono ni nafasi ya nondo. Usiku kinga ilale ndani ya nyumba. Tena andika ile namba iliyopigwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya pedali au chini ya kiti, uiweke nyumbani pamoja na karatasi ya manunuzi. Kinga nyingi zafanana kama mapacha. Asiye na namba, mbele ya tribinali hana neno.

Hata hivyo, tusiabudu kufuli. Huko Marekani, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kampuni ya Kryptonite ilijulikana kwa kufuli zake za umbo la U, zenye sifa ya kutovunjika. Mwaka 2004 watu walionyesha kwamba aina fulani ya kufuli hizo hufunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic, ile ile ambayo watoto wetu wanaandikia shuleni, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia watu. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi. Inayebaki kuzuia ni mioyo ya watu.

Na hapa kuna mlango ambao wengi wetu tunauacha wazi. Mwizi wa kinga haili kinga. Anaiuza. Mpira unakwenda huku, pedali kule, kiti kwingine, na wanunuzi ni sisi. Ukiletewa gurudumu zuri jioni, kwa nusu ya bei, na muuzaji anatazama nyuma yake kila dakika, nawe hukuuliza neno, usiseme mikono yako ni safi. Mithali 29:24 inasema kwamba anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake mwenyewe. Na sheria ya nchi inamwadhibu pia anayepokea kitu cha wizi.

Sisi Wakongomani tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza mpira wa kujazwa upepo kwa ajili ya kinga, na katika miaka iliyofuata Ulaya na Marekani zikataka mipira kwa wingi. Utomvu wake ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo, wakati nchi ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II, kuanzia 1885 mpaka 1908. Watu walichapwa, walikatwa mikono, wake zao walifungwa wawe rehani mpaka utomvu utimie. Yule aliyenunua mpira mpya na kutembea kwa raha katika mji wake hakumchapa mtu. Lakini wengi hawakuuliza. Babu zetu waliumia kwa sababu ya wanunuzi wasiouliza. Je, nasi tuwe wanunuzi wa namna hiyo?

Sasa twafikia neno la tatu, lile la kwenda kwa nabii. Tunaamini kwamba Roho wa Mungu hufunua mambo, hilo hatulifichi. Lakini tumtazame Samweli. Punda wa Kishi walipotea, na punda wakati ule ndiye alikuwa kinga ya leo. Sauli alimwendea mwonaji. Samweli akamwambia asihangaike, punda wameonekana (1 Samweli 9). Hakutaja jina la mtu. Hakuamsha kijiji juu ya jirani.

Mtu atatujibu: "Na Akani? Kura haikumtaja?" Ilimtaja. Lakini someni Yoshua sura ya 7 mpaka mwisho. Akani aliulizwa, akakiri kwa kinywa chake, akasema vitu vilipo. Wajumbe wakakimbia hemani, wakavikuta vimefukiwa. Hukumu ilikuja baada ya ungamo na ushahidi. Wanaotaka jina tu, bila kuuliza na bila kuona kitu, hawamfuati Yoshua.

Tena mwenye uchungu ni rahisi kukosea. Mwaka 1948 Mwitalia Vittorio De Sica alitoa filamu iitwayo Ladri di biciclette, yaani wezi wa kinga. Baba mmoja wa Roma ananyang'anywa kinga ambayo bila hiyo hana kazi. Anakwenda mpaka kwa mwaguzi. Anamshika kijana mmoja, lakini hana ushahidi, na polisi hawakuti kitu. Mwisho, kwa kukata tamaa, yeye mwenyewe anaiba kinga ya mwingine, na watu wanamkamata mbele ya mtoto wake. Mwenye kinga anamtazama yule mtoto, anamwachilia. Asubuhi alikuwa mwenye haki, jioni akawa mwizi. Nasi tukimpiga mtu kwa jina lililonong'onwa, asubuhi tulikuwa tumeibiwa kinga, na jioni tutakuwa wauaji.

Ndugu wapendwa, njia hii ya Kabambare na Kasongo inajua minyororo. Katika siku za Tippu Tip na misafara ya pembe, watu walipita hapa wamefungwa shingoni kama mali. Njia ilikwisha kubeba mnyororo huo mara moja, tusiurudishe. Mnyororo tuufunge kwenye kinga, si kwenye shingo ya mtu ambaye hatujasikia neno lake. Akionekana mwizi kwa ushahidi, apelekwe kwa wenye mamlaka, arudishe, kisha afundishwe kufanya kazi kwa mikono yake, kama mtume alivyowaagiza Waefeso (4:28).

Basi tulikubaliana hivi. Siku ya maombi, vijana wawili kwa zamu watakaa na kinga zote mahali pamoja, nao wataombewa kama waimbaji, kwa kuwa ulinzi wao ni ibada. Hakuna mshirika atakayenunua kifaa cha kinga bila kujua kilikotoka. Hakuna atakayeleta jina la mtu mbele ya kanisa bila ushahidi. Na kila nyumba itatoa kidogo ilicho nacho, mchele au franga, kumsaidia ndugu yetu apate kinga nyingine, na kufuli pamoja nayo.

Kinga yake haijaonekana. Labda aliyeichukua atasomewa maneno haya. Kama ni wewe, ndugu, irudishe usiku, uiegemeze ukuta ule ule. Hakuna atakayekuvizia.

Bwana awalinde ninyi nyote, mtokapo na muingiapo. Amina.