Mabasi Yaliyotii

Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, shule za serikali zilifunguliwa Louisville, Kentucky. Asubuhi wazazi waliwasindikiza watoto vituoni, na alasiri wakarudi kuwapokea. Wakasubiri. Kiza kikaingia, simu za ofisi ya usafiri hazikupatikana, na watoto wa mwisho walifika makwao ikikaribia saa nne usiku. Kesho yake shule zilifungwa, na ikapita zaidi ya wiki moja kabla ya madarasa kurejea. Mkuu wa wilaya ya elimu, Marty Pollio, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba usafiri ulikuwa umegeuka balaa.

Cha kushangaza, hakuna kompyuta iliyozimika siku ile. Wilaya ilikuwa na uhaba mkubwa wa madereva, ikaajiri kampuni ya AlphaRoute, yenye asili yake katika kazi za watafiti wa chuo cha MIT, ili izipange upya njia za mabasi. Njia zipatazo 730 zikashushwa hadi karibu 600. Saa za kuanza masomo zikagawanywa zamu tisa, ili dereva mmoja aweze kurudia safari nyingi zaidi. Kwenye ramani hesabu zilikubali.

Barabarani mambo yalikuwa mengine. Mtoto wa darasa la kwanza hapandi basi kwa mwendo wa hesabu. Anatafutwa jina kwenye orodha, anaulizwa anashukia wapi, hajui, analia. Dereva aliyepewa njia ngeni anasoma karatasi ya kona na mitaa huku jicho moja likiwa kwenye kioo cha nyuma. Dakika nne zikipotea kituo cha pili, nyingine tano cha sita, zamu inayofuata inaanza na deni, na deni hilo hurithiwa na watoto ambao bado wamekaa shuleni wakingoja basi lao. Katika wilaya hii Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi majumbani mwa wanafunzi, kwa sababu Louisville imepokea kwa miaka mingi wakimbizi wa Kongo na majirani zake. Kwa hiyo balaa lile si habari ya mbali kwa msomaji wa lugha hii.

Ipo taaluma nzima ambayo kazi yake ni kuzuia mambo ya aina hii. Huitwa uhandisi wa taasisi, na ahadi yake kubwa ni kuufanya mkakati wa taarifa uvute upande mmoja na malengo ya shirika, badala ya kila idara kununua programu yake na kwenda zake. Mmoja wa waasisi wa fikra hizi, John Zachman, alichapisha mwaka 1987 katika jarida la kampuni ya IBM mchoro wa kuuelezea mfumo mzima wa shirika. Mchoro ule ulikuwa na safu tatu za maswali: nini, vipi na wapi. Ilipofika 1992, yeye na John Sowa waliongeza nyingine tatu: nani, lini na kwa nini. Mwanafalsafa angetabasamu hapo. Swali la kwa nini lilingoja miaka mitano kupewa safu yake.

Si kwamba halikuwa limeulizwa kabla. Aristotle anaanza kitabu chake cha maadili kwa hoja ambayo mhandisi wa leo angeitambua mara moja: kazi ya kutengeneza hatamu inaitumikia kazi ya kupanda farasi, upandaji farasi unautumikia ujemadari, na ujemadari nao uko chini ya siasa, yaani sanaa ya kujua watu waishi vipi. Fundi hatamu hodari hawezi kukwambia kama vita ni vya haki. Mtoto wa chuo cha Kurani Lamu au Pangani naye hujifunza jambo la jirani na hilo: udhu wa Mshafii bila nia ni kunawa tu. Hapo ndipo penye ugumu. Nia ina mahali pake, moyoni mwa mtu. Shirika halina moyo. Lina bajeti, ripoti na programu. Basi mfumo unapolinganishwa na nia ya taasisi, hasa unalinganishwa na nia ya nani?

Mjini Buffalo, New York, kulikuwa na watu waliojaribu kulijibu swali hilo kwa matofali. Kampuni ya sabuni ya Larkin iliuza bidhaa zake kwa barua, moja kwa moja hadi majumbani, bila duka katikati. Barua za oda zilimiminika kwa maelfu. Darwin Martin, aliyeanza kuuza sabuni za kampuni hiyo akiwa bado mvulana, aliachana na madaftari makubwa ya hesabu na kumpa kila mteja kadi yake. Kisha Larkin wakampa Frank Lloyd Wright kazi ya kujenga makao makuu yatakayofuata njia ya barua, na jengo likakamilika 1906: ukumbi mmoja mrefu wenye mwanga kutoka juu, meneja akikaa pale chini wazi, machoni pa makarani. Kuzunguka ukumbi yalichongwa maneno ya maadili, matatu matatu: ukarimu, uaminifu, bidii na mengineyo. Ni vigumu kuamua kama lile lilikuwa hekalu au mashine ya kupata kazi zaidi kutoka kwa wasichana waliopanga kadi. Pengine wenyewe hawakuona tofauti. Magari na maduka yenye matawi mengi yalipobadilisha jinsi familia zinavyonunua sabuni, mfumo uliolingana barabara na biashara ya barua ulibaki hauna pa kwenda. Jengo lilibomolewa 1950.

Columbus, Ohio, inatoa mfano wenye heri zaidi. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo hilo viliunda ushirika wa maktaba, OCLC, chini ya Frederick Kilgour. Kabla ya kununua mashine yoyote, wenye maktaba walikubaliana wanataka nini: kitabu kikishaorodheshwa na chuo kimoja, wengine wasirudie kazi ile ile. Tarehe 26 Agosti 1971 chuo cha Ohio University, mjini Athens, kilianza kuutumia mfumo huo moja kwa moja kwa kompyuta, na siku hiyo ya kwanza kiliorodhesha vitabu 133. Waliobuni lengo ndio waliokaa mbele ya skrini. Katika jiji hilo hilo, lakini, wilaya ya shule nayo iliitumia AlphaRoute kabla ya Louisville, na malalamiko ya njia za mabasi yakafuata.

Na mabasi ya Louisville yalikuwa na historia ambayo programu haikuambiwa. Yalianza kuvusha watoto kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine mwaka 1975, kwa amri ya mahakama, ili weusi na weupe wakae darasa moja. Mpango wa shule uliofuata baadaye ulifika Mahakama Kuu ya Marekani, ukabatilishwa mwaka 2007. Hata hivyo basi liliendelea kuwa njia ya mtoto wa mtaa wa kipato cha chini kufika shule nzuri iliyo mbali. Ukiagiza njia chache tu, hesabu itakupa njia chache. Haki haikuwa miongoni mwa namba zilizoingizwa, na sioni ni mhandisi gani angeiingiza bila mtu kusimama na kusema kwamba ndiyo sababu ya mabasi yenyewe.

Mwezi Aprili 2024 bodi ya shule ilipiga kura kuondoa usafiri kwa wanafunzi wa shule nyingi za mchepuo maalumu kuanzia mwaka wa masomo uliofuata, wapatao 16,000. Shule mbili za sekondari zilisazwa, Western na Central. Hii ya pili ni shule ya kihistoria ya weusi, ndiyo aliyosoma Muhammad Ali. Safari hii uamuzi haukufichwa ndani ya programu: wajumbe waliutamka kwa sauti mbele ya wazazi, kila mmoja kwa kura yake, na wazazi wasio na gari wakarudi nyumbani kuamua kama watoto wao watabadili shule.