Fisi na Mkono Usiodondoka

Hadithi ya fisi tunaijua wote. Anamfuata mtu njiani, anauona mkono unavyoning'inia, anajiambia: huu lazima udondoke. Anafuata mpaka njaa inammaliza yeye.

Ukipita Buguruni, zilipo ofisi za CUF, ni vigumu kutoikumbuka. Uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 1995 ulimpa Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF 49.8. Hata aliyeamini kura zimechezewa aliona kwamba visiwa vimegawanyika nusu kwa nusu. Lakini huku wapo waliosema upinzani ni upepo, utapita. Kule wapo waliosema serikali hii haifiki mbali, wafadhili wakikaza kidogo tu, kwisha.

Muafaka wa kwanza ulisainiwa mwaka 1999. Januari 2001 watu wakauawa kwenye maandamano, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo, muafaka wa pili. Kalamu hazikukosekana. Ila kwa nini ugawane nyumba na mpangaji unayeamini anahama kesho? Unasaini, unasubiri ahame.

Mtu atauliza: sasa mnyonge aache kuota? Akiacha, si ndiyo kapiga magoti? Hoja nzito hiyo. Aliyeporwa haki ana haki ya kuidai, tena kwa sauti. Lakini tumaini humwuliza mtu atafanya nini. Ndoto ya mchana humwahidi kwamba mwenzake atatoweka. Dai linaweza kuwa la haki kabisa, na mpinzani bado akawepo asubuhi.

Novemba 2009 Amani Karume na Maalim Seif walikutana. Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Nusu zile mbili zilikuwa palepale. Kilichobadilika ni kwamba zilihesabiwa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, tukarudi kule kule. Maana maridhiano hayajilindi yenyewe.

Kati ya Mto Yordani na bahari wanaishi Wayahudi takriban milioni 7, na Wapalestina idadi inayokaribiana na hiyo. Kila upande una watu wanaochora ramani ya kesho bila jirani. Ramani hizo zinapendeza sana, na kila mwaka unaopita zikiwa ukutani kuna watu wanazikwa.

Kabla hujaita ndoto yako msimamo, itazame: yule usiyempenda umemweka wapi?