Kizuizi cha Mshale

Anayetaka ushauri wa kununua bunduki ya kuwindia na kulengea shabaha hupewa majibu ya kifundi: risasi ya ukubwa gani, mtutu wa urefu gani, darubini ipi, na kama achukue ile ya kuvutwa komeo kwa mkono kila baada ya risasi au ile inayojipakia yenyewe, ambayo kila ikifyatuliwa hutema ganda na kuingiza risasi nyingine bila mwenyewe kuinua kidole. Majibu hayo yana mahali pake. Hata hivyo, uchaguzi huu ni wa kimaadili kabla haujawa wa kifundi. Chombo cha kutoa uhai kinafaa kupimwa kwa kizuizi kilicho nacho, na uwezo wake ufuate baadaye. Kwa kipimo hicho, bunduki inayojipakia yenyewe haina hoja ya kutosha katika uwindaji, na katika mchezo wa shabaha ni mwenye kuitaka anayepaswa kujieleza.

Msomaji wa Litein, katika kaunti ya Kericho, anaweza kuuliza swali hili linamhusu nini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka adhabu hata kwa anayewinda ili ale: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya silaha humtaka anayeomba cheti aonyeshe sababu ya maana ya kuwa na bunduki, na bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe imeziweka miongoni mwa silaha zilizokatazwa raia. Kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik, ambako majani chai yamefunika vilima pande zote, mnyama wa porini ambaye mkulima humwona mara kwa mara ni tumbili aliyeingia kwenye mahindi. Lakini watoto wa Kericho na Bomet wametawanyika. Aliyehamia Texas kihalali anaishi mahali ambapo duka la bunduki ni duka kama maduka mengine, na jirani yake atamkaribisha kuwinda kulungu au nguruwe mwitu kwa moyo ule ule ambao huku angekaribishwa chai. Pale sheria haimwamulii. Itabidi aamue mwenyewe. Tena, kanuni ambayo mtu huifuata kwa sababu tu askari yuko karibu bado si maadili yake. Kwa hiyo hata aliyebaki nyumbani ana faida ya kujua kwa nini angekataa kitu ambacho hajaruhusiwa kukichukua.

Hoja ya kizuizi haikuletwa huku na wageni. Wakipsigis, kama Wanandi na Wamaasai, walikuwa na mshale wa kutolea ng'ombe damu. Ng'ombe alifungwa kamba shingoni hadi mshipa utune, mshale ulirushwa kutoka karibu, damu ikakingwa, kamba ikalegezwa, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Mshale huo ulikuwa na ncha fupi, na nyuma ya ncha palifungwa kitu cha kuuzuia usipenye zaidi ya mshipa. Mpigaji angeweza kuwa hodari kiasi gani, au siku hiyo awe amechoka na mkono unamtetemeka, lakini chuma hakingeweza kuingia ndani zaidi ya pale fundi alipokiwekea mpaka. Jamii haikumwachia mrushaji peke yake jukumu la kujizuia. Sehemu ya jukumu hilo iliwekwa ndani ya chombo, na iliwekwa mapema, watu wakiwa wametulia.

Wazo hilo hilo limewafikia watu walioishi mbali kabisa na vilima hivi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1935, anayewinda bata na ndege wengine wahamao kwa bunduki ya marisau haruhusiwi kuwa na zaidi ya risasi tatu ndani yake; bunduki ikiweza kubeba tano, hutiwa kipande cha mti au plastiki ili nafasi ya mbili za ziada izibwe. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, umeorodhesha kati ya njia zilizokatazwa silaha zinazojipakia zenyewe ambazo magazini yake hubeba zaidi ya risasi mbili. Jimbo la Pennsylvania, ambako kuwinda kulungu ni jambo la familia nzima, liliwazuia wawindaji wake kwa vizazi kadhaa kumwendea mnyama mkubwa na bunduki ya namna hiyo. Hawa si watu wanaochukia bunduki. Ni wawindaji na watunga sheria wao, na waligundua kwamba uwindaji usio na mpaka kwenye chombo humaliza kwanza wanyama, kisha hadhi ya mwindaji. Mwanafalsafa wa Hispania, José Ortega y Gasset, katika insha yake ya miaka ya 1940 kuhusu uwindaji, alifika hapo hapo kwa njia ya fikra: mwindaji hujipunguzia nguvu kwa hiari ili mnyama abaki na nafasi ya kuponyoka, na akiacha kufanya hivyo, anachofanya ni uangamizaji tu.

Kwa wakazi wengi wa Litein, ambako kanisa la Africa Inland Church (AIC) limekuwa na mizizi tangu enzi za wamisionari, swali litarudi kwenye Biblia: je, Mungu hakumpa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama? Alimpa, na baada ya gharika akamruhusu nyama. Lakini ruhusa ile ilitolewa pamoja na katazo la damu, na Torati ikaendelea kuweka mipaka midogo midogo ambayo wasomaji wengi huiruka. Kumbukumbu la Torati humtaka anayekuta kiota achukue makinda na amwache mama aende. Katika sura hiyo hiyo, anayejenga nyumba huagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Maagizo haya mawili yakisomwa pamoja yanatosha kuwa mwongozo mzima wa silaha. La kwanza linasema mamlaka ya kuchukua si mamlaka ya kuchukua vyote. La pili linasema nia njema ya mwenye nyumba haitoshi. Anadaiwa ukingo, kitu kinachoonekana na kushikika, kwa ajili ya siku ambayo mtu atapitiwa.

Pingamizi la kwanza ni lile linalojulikana: bunduki haiui, anayeua ni mtu, rekebisha moyo, uache chuma. Ajabu ni kwamba pingamizi hili hupendwa sana na watu wa dini, ilhali ndilo lenye theolojia dhaifu zaidi. Anayeamini kwamba moyo wa binadamu umeingiwa na dhambi hawezi kuamini pia kwamba moyo huo ni mlinzi wa kutosha wa kila kitu kitakachowekwa mkononi. Mkristo huomba kila siku asitiwe majaribuni. Haombi tu apewe nguvu ya kuyashinda akishayafikia. Kwa hiyo yeye mwenyewe amekwisha kukiri kwamba mazingira ya tendo yana uzito wake. Mlevi aliyeokoka hahifadhi busaa chumbani ili athibitishe wokovu wake. Ni kweli mtu ndiye anayeua, na ndiyo maana tunauliza mtu huyo, kama alivyo, apewe chombo cha namna gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwenye huruma. Mwindaji aliyekosea risasi ya kwanza amemjeruhi mnyama. Risasi ya pili ikija upesi, mateso yanafupishwa. Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya gesi ya risasi iliyotoka au ya mrudisho wake kuingiza inayofuata, kwa hiyo jicho halihitaji kuondoka kwenye darubini. Nakubali kwamba yapo mazingira, kama shamba lililovamiwa na kundi la nguruwe mwitu, ambamo hoja hii ina nguvu. Lakini ikitazamwa kwa jumla inajipinga. Huruma kubwa kwa mnyama inategemea risasi ya kwanza: kusogea karibu, kungoja ageuke ubavu, kuegemeza bunduki kwenye mti, na zaidi ya yote kukubali kurudi mikono mitupu pale ambapo huna uhakika. Anayejua kwamba risasi ya pili ni lazima aivutie komeo ana sababu ya kufanya yote hayo. Anayejua kuwa nyingine nne zinangoja ana sababu ya kubahatisha. Na hata huruma ya risasi ya pili haihitaji mashine: mwenye mazoezi huvuta komeo kwa muda wa pumzi moja, na bunduki yenye mitutu miwili humpa ya pili papo hapo, kisha ikamlazimu asimame afikiri. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, kwa binadamu mchungu. Mwindaji anayejali uchungu wa nguruwe ataanza na subira, na kasi ataitafuta mwishoni.

Pingamizi la tatu linatoka kwenye historia yetu wenyewe. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuyakusanyia makumbusho wanyama na kuwinda hadi nchi iliyoitwa Sotik, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe, na bunduki walizozitegemea zilikuwa za kuvutwa komeo, za wenzo na za mitutu miwili. Na katika machafuko ya 1992 na ya 2008, watu wa Bonde la Ufa waliuana kwa mishale na mapanga. Basi kizuizi cha chombo kimesaidia nini? Jibu ni kwamba hakuna aliyedai kinatosha peke yake. Roosevelt alikosa mpaka wa idadi, yaani leseni yenye hesabu ambayo hata mkuu wa zamani wa dola asingeweza kuipanua kwa jina la makumbusho. Mwaka 2008 kilichovunjika ni siasa na ujirani. Lakini mambo hayo yanaonyesha kwamba mipaka mingine pia inahitajika. Hayaonyeshi kwamba huu wa chombo ni bure. Mwaka 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Australia. Mwaka 2019 mwingine aliua 51 katika misikiti ya Christchurch, New Zealand. Wote wawili walibeba bunduki zinazojipakia zenyewe, na serikali zote mbili zilizibana bunduki hizo upesi. Uwindaji haukufa katika nchi hizo. Chuki inaweza kushika panga, na imekwisha kulishika. Hata hivyo panga humlazimu mwuaji kumkabili kila mtu kwa zamu, na zamu hizo huwapa wengine muda wa kukimbia au kumzuia.

Pingamizi la mwisho lastahili heshima kuliko yote: mipaka ya uwindaji imewekwa siku zote na wenye nguvu juu ya wanyonge. Serikali ya kikoloni ilimpa mgeni mwenye bunduki leseni, ikamwita mwenye upinde jangili. Waogiek wa msitu wa Mau waliishi kwa asali na uwindaji, na ilibidi wafike Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha ndipo, mwaka 2017, itamkwe kwamba haki zao, pamoja na ile ya kuabudu kwa desturi zao, zilivunjwa walipofukuzwa msituni. Malalamiko hayo ni ya haki. Kosa la mkoloni lilikuwa kuanza na upinde na kuachilia bunduki. Hoja ya kizuizi ikifuatwa kwa uaminifu huanza upande wa pili: chombo kikali zaidi ndicho cha kwanza kuulizwa maswali, na mwenye nguvu zaidi ndiye wa kwanza kujifunga.

Mchezo wa shabaha una hoja yake tofauti. Katika Hadithi za Mtume Muhammad, ambaye alihimiza mafunzo ya kurusha mishale, limo katazo la kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mpaka huo unatenganisha vizuri mambo mawili ambayo maduka ya bunduki huyachanganya: kwenye shabaha ya karatasi mtu anajipima mwenyewe, na hakuna uhai unaolipia makosa yake. Mchezo huo ni halali na ni mzuri. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio mwaka 2016, ni mpiga upinde. Lakini kama lengo ni kujipima, bunduki ndogo ya risasi ya .22 ya kuvutwa komeo hufundisha pumzi, macho na kidole kuliko magazini ya risasi thelathini. Wapo wanaoshindana kwa kasi, chini ya wasimamizi na kwenye viwanja vilivyopangwa. Hao wameshajieleza, na wana haki ya kusikilizwa.

Ushauri wa kifundi sasa unaweza kutolewa kwa ufupi, kwa kuwa sehemu kubwa imekwisha kujibiwa. Kwa kulungu, bunduki ya komeo yenye nafasi ya risasi nne au tano inatosha, na darubini ya kawaida iliyosawazishwa vizuri uwanjani kabla ya kwenda porini. Pesa zinazobaki ziende kwenye kinga ya masikio, risasi za mazoezi, na sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikihifadhiwa mbali na bunduki; sanduku hilo ndilo ukingo wa dari ambao Torati inaudai. Anayetaka zaidi ya hapo, kasi zaidi na risasi nyingi zaidi, asiambiwe moja kwa moja kwamba ni mwovu. Aulizwe sababu, kama sheria ya Kenya inavyomwuliza mwombaji wa cheti. Sababu ikiwa ni shamba lake au mashindano yake, huenda ikapita. Sababu ikiwa ni kwamba anaweza kuinunua, bado hajajibu, na mzigo wa kujibu uko kwake, kwa kuwa akikosea atakayelipa ni mwingine.