Dereva Asihukumiwe kwa Dhana Tu

Dereva amerudi jioni na gari la mikate. Kreti mbili hazionekani. Papo hapo aitwa mwizi, afukuzwa. Je, hiyo ni haki? Twajua wizi ni dhambi, na mwenye mali apaswa kuilinda. Lakini jina jema nalo ni mali ya mtu. Amnyang'anyaye bila ushahidi naye ni mwizi. Huenda kosa la hesabu lilianzia ghalani. Kanuni za Utendaji Bora kazini, zilizotolewa Tanzania mwaka 2007, zilimwekea mtuhumiwa walau saa 48 za kujitayarisha kabla ya kusikilizwa, na mwenzake wa kumsaidia. Nikodemo naye aliwauliza wakuu kama sheria yahukumu mtu asiyesikilizwa. Basi, enyi waajiri, sikilizeni kwanza. Nanyi madereva, hesabu zenu ziwe safi.