Ukavu wa macho: Kurithi si hukumu, kidonge si hirizi

Lipo neno moja ambalo siku hizi limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Neno hilo ni "kurithi". Mtu akiugua kisukari, husema ni cha ukoo. Macho yakiwasha na kukauka, husema ni ya ukoo. Na likishatamkwa, hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama watu hukaa wakasubiri, kwa hoja kuwa kilichomo katika damu hakiondoki. Ama hujitokeza muuzaji na kopo la vidonge vya virutubisho, akidai kuwa anacho cha kuirekebisha damu hiyo. Swali la kujiuliza ni hili: je, kujua kuwa ugonjwa una asili ya kurithi kunatupunguzia wajibu, au kunatuongezea?

Nauliza haya nikiwa Milanzi, hapa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako kiangazi kikishika, upepo na vumbi huyafanya macho ya wengi kuwa mekundu. Wazee husema jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Nachelea kuwa uchawi tumeutupa, lakini tukaokota kingine cha kufanya kazi ile ile. Zamani mtoto akipofuka alitafutwa jirani wa kusingiziwa. Leo inasingiziwa damu, na mara nyingi ni damu ya upande wa mama. Mbinu zote mbili zina tabia moja: mwenye wajibu huondoka pale akiwa hana deni.

Kabla ya kwenda mbali, ieleweke kuwa ukavu wa macho si ugonjwa mmoja. Upo ule wa watu wazima, ambapo machozi ni machache au hukauka upesi kwa sababu tezi ndogo za mafuta zilizo katika kope hazifanyi kazi vizuri. Huu huongezeka kwa umri, huwapata zaidi wanawake, na huchochewa na moshi, upepo, baadhi ya dawa na kukodolea simu kwa saa nyingi. Upo na ule wa watoto, unaotokana na ukosefu wa vitamini A. Huo huanza kwa mtoto kutoona vizuri giza linapoingia, kisha weupe wa jicho hukauka na kutoka madoa kama povu, na mwisho kioo cha jicho hulainika na kutoboka. Wa kwanza unaudhi na unatesa. Wa pili unapofusha, na unaua.

Tuanze na wa watu wazima. Ni kweli kuwa urithi unahusika. Watafiti wa Uingereza waliochunguza wanawake mapacha walionyesha mwaka 2014 kuwa sehemu ya tatizo hili hurithiwa, lakini sehemu tu. Ama vidonge, mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 535 kwa mwaka mzima. Kundi moja lilimeza kila siku miligramu 3,000 za omega-3 itokanayo na mafuta ya samaki. Kundi jingine, bila kujua, lilimeza vidonge vya mafuta ya zeituni. Wote walipata nafuu, na nafuu ya kundi la kwanza haikuipita ya pili kwa kiasi cha maana.

Hapo ndipo penye mtihani wa muuzaji. Yule mama anayesema, "Nilimeza, nikapona," hasemi uongo. Nafuu ameipata. Lakini nafuu yake haithibitishi kuwa kidonge ndicho kilichoileta. Hapa mtaani kwetu nimemshuhudia mjane akitoa fedha za kuuzia mahindi kununua kopo moja, baada ya kuambiwa kuwa macho yake ni ya kurithi na kwamba dawa za hospitali hazifiki kwenye asili ya ugonjwa. Hakuna aliyemwambia aende kupimwa kwanza. Hakuna aliyemweleza habari ya machozi ya bandia ya matone, wala kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wala kulihamisha jiko la kuni lililomjazia moshi ndani. Na je, kama angekuwa mjamzito, na ndani ya kopo mna vitamini A nyingi? Vitamini hiyo ikizidi hulimbikizwa mwilini, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Watasema kuwa muuzaji naye anatafuta riziki. Sawa, na riziki ni haki yake. Lakini mwenye duka la vitambaa humpa mteja kitambaa akakishika na kukivuta. Anayeuza dawa anamuuzia mtu asiyeweza kupima anachonunua. Mteja akishakosa uwezo wa kupima, ukweli wa muuzaji unakuwa sehemu ya bidhaa. Akiuficha, amempunja kwenye mizani.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapa hadithi inageuka. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa vitamini A na wakafariki sita. Wengine 92 walipata matibabu ya kawaida tu, wakafariki 12. Tofauti ilijitokeza zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Kwa hiyo anayesema virutubisho vyote ni utapeli naye anakosea. Kirutubisho ni dawa kwa aliyepungukiwa. Kwa asiyepungukiwa ni biashara.

Na urithi je? Mboga za majani, karoti na maembe hazina vitamini A iliyo tayari. Zina malighafi ambayo mwili huigeuza. Mwaka 2009 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa wapo watu ambao, kwa tofauti ndogo katika jeni moja, huigeuza malighafi hiyo kwa udhaifu sana. Maana yake ni kuwa watoto wawili wanaweza kula mchicha wa sufuria moja, mmoja ukamtosha na mwingine usimtoshe. Je, tumwambie huyo wa pili kuwa ndivyo alivyozaliwa? Hapana. Huyo ndiye anayestahili yai, maziwa, maini na dagaa, ambavyo vitamini yake iko tayari. Na kwa kuwa hatuna njia ya kumtambua kwa kumtazama usoni, inatupasa kumfikia kila mtoto. Basi urithi, badala ya kutupunguzia wajibu, umetuongezea.

Hili linatuhusu sana sisi wa Rukwa. Mkoa huu unalisha wengine kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Udumavu si ukavu wa macho, lakini vyote viwili hupita mlango mmoja: tumbo limejaa ugali, mwili una njaa. Mahindi meupe hayana vitamini A. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya kula yaongezwe vitamini hiyo viwandani, lakini alizeti inayokamuliwa kwenye mashine ndogo za mitaani haipiti huko. Na yai likipatikana nyumbani, analiwa nani? Mara nyingi ni mgeni, au baba. Hakuna jeni inayopanga hilo. Tunalipanga wenyewe.

Atakuwapo wa kusema kuwa kila jambo ni kadari. Ni kweli, lakini mbona paa likivuja hatusemi hivyo? Tunapanda tukaziba. Jicho la mtoto lina thamani ndogo kuliko bati?

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano apelekwe kupata matone ya vitamini A, ambayo hutolewa bure mara mbili kwa mwaka. Mboga zipikwe kwa mafuta, maana bila mafuta mwili haufaidiki nazo sawasawa. Na mawese mekundu ya Kigoma yana malighafi hiyo kwa wingi. Asiyeona vizuri jioni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mzima mwenye macho makavu apimwe kabla hajanunua kopo lolote. Na anayeuza makopo aseme anachokijua, kisha anyamaze pale elimu yake inapokomea. Tulichorithi hatukukichagua, wala hatutaulizwa kwa nini tunacho. Tutaulizwa tulimfanyia nini aliyezaliwa nacho.